Kabla hujaung'oa ukurasa uliojipachika kwenye kivinjari chako

“Fundi, Google yangu imebadilika sura.” Mwalimu mmoja aliniletea laptopu yake hivyo, na kabla sijamaliza kumwamkia alishaifungua anionyeshe. Kisanduku cha kutafutia kipo katikati, rangi zinafananafana, ila anwani iliyo juu si ya Google kabisa. Alisharekebisha mwenyewe mara tatu kwenye mipangilio, na kila akizima na kuwasha, mgeni yuleyule anarudi kukaa sebuleni.

Wengi huanza alipoanzia mwalimu, kwa kile kinachoonekana. Ukurasa wa mwanzo ni uso tu, aliyeuweka kajificha kwingine. Kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kurejesha mipangilio ya awali kabla hujajua amejificha wapi, na kabla hujaweka vitu vyako pembeni.

Anza kwa kumtambua. Andika neno lolote kwenye kisanduku cha kutafutia kisha kodolea macho anwani ya juu. Mara nyingi utaona anwani moja au mbili zikipita haraka, halafu majibu yanatokea kwenye Bing au Yahoo. Hao wa mwisho kwa kawaida hawana kosa, mtuhumiwa ni yule aliyepita katikati. Yeye hulipwa fungu la pesa za matangazo kwa kila utafutaji unaopitia mlangoni kwake, ndiyo maana hang'oki kirahisi. Piga picha kwa simu kabla anwani haijapotea, maana jina hilo utalihitaji baadaye.

Kisha jiulize alikuja na nani, maana mara nyingi huja amepanda mgongo wa programu nyingine: ya kushushia video, ya kugeuza PDF kuwa Word, au ile kraki (programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli) uliyopewa kwenye fleshi. Hata programu zenye heshima zimewahi kubeba abiria. Kwa miaka mingi kisakinishi cha Java kwenye Windows kilikuja na Ask Toolbar, upau wa kutafutia unaojibandika kwenye kivinjari, tiki ikiwa imeshawekwa, na mwenye haraka ya kubonyeza “Next” aliondoka nayo. Fungua orodha ya programu zilizomo kwenye kompyuta, ipange kwa tarehe, uone zilizoingia siku ambayo mambo yalianza kuharibika. Pitia na viendelezi vya kivinjari (extensions, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani yake), hasa ambacho hukumbuki kukiweka. Usifute bado, piga picha tu.

Sasa maficho ambayo wengi hawayaangalii. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya ikoni ya kivinjari iliyo kwenye desktopu, ingia Properties, usome mstari wa Target hadi mwisho. Kwa Chrome kwa kawaida unakomea kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Kwa mwalimu, baada ya nukuu kulikuwa na nafasi ndogo halafu http na anwani ya yule mgeni. Maana yake kila akibofya ikoni, alikuwa anaiagiza kompyuta yeye mwenyewe ifungue ukurasa ule! Mipangilio ya ndani angeibadilisha hata mara mia, isingesaidia. Kagua ikoni zote, ya desktopu na ile iliyobandikwa kwenye upau wa chini, maana kila moja ina mstari wake.

Maficho mengine ni ya kisheria-sheria. Ukiona Chrome inasema inasimamiwa na shirika lako, na kompyuta ni yako ya nyumbani, andika chrome://policy kwenye upau wa anwani usome amri zilizoorodheshwa. Mvamizi anaweza kujifanya bosi wa ofisi na kulazimisha ukurasa au kiendelezi, ukakuta hata kitufe cha kukiondoa hakibonyezeki. Baadhi ya antivirusi nazo huweka amri zao humo, kwa hiyo soma kwanza. Na kama kompyuta ni ya kazini, acha hapohapo, mtafute mtu wa TEHAMA. Bosi huyo ni wa kweli.

Zima usawazishaji wa akaunti (sync) kabla ya usafi, kwenye vifaa vyote unavyotumia. Ukisafisha ya nyumbani na ya dukani bado ni chafu, akaunti yako inaweza kukurudishia kiendelezi kilekile usiku huohuo, ukabaki unamlaumu fundi.

Halafu maneno ya siri. Chrome ikirejesha mipangilio haifuti maneno ya siri yaliyohifadhiwa wala alamisho (bookmarks), ila itazima viendelezi na kukutoa kwenye tovuti ulizokuwa umeingia. Hapo ndipo mtu anagundua kwamba akaunti yake ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) au barua pepe ya kazi ilikuwa wazi tu miezi yote, neno la siri lenyewe hakuliandika popote. Yaliyo muhimu yaandike kwenye daftari. Unaweza kuyatoa yote kama faili la CSV (orodha inayofunguka hata kwenye Excel), lakini elewa kuwa faili hilo ni maandishi matupu: atakayelifungua anasoma kila kitu. Usiliweke kwenye fleshi inayozunguka stesheneri. Ukimaliza lifute, na pipa la taka nalo ulimwage.

Dawa usiitafute kwa kivinjari kilichotekwa, kwani anayekujibu ni huyohuyo unayetaka kumfukuza. Tumia simu au kompyuta nyingine, na uende tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. AdwCleaner, programu ya kusaka na kuondoa wavamizi wa aina hii, ni ya bure, na tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Maelekezo yanayokutuma kutafuta kisafishaji cha ndani ya Chrome yameshapitwa, Google waliking'oa 2023. Ukipanga kutumia ukaguzi wa nje ya mtandao (Offline scan) wa Microsoft Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, hifadhi kazi zako na uijaze betri. Kompyuta itajizima na kujiwasha, na ukaguzi huchukua kama dakika 15. Umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Kupiga Windows upya kuache kabisa kwa sasa. Mafundi wengine hukimbilia huko kwa sababu ni rahisi kwao, na picha za harusi ni zako, si zao.

Ukishafika hapa, ondoa programu uliyoipiga picha, ondoa kiendelezi, safisha mstari wa Target, ndipo urejeshe mipangilio. Kwa Firefox kitufe kinaitwa Refresh, na kikimaliza utakuta folda mpya kwenye desktopu, Old Firefox Data. Humo kuna mambo yako ya zamani. Iache hadi uhakikishe kwamba hukusahau kitu.