Gauni la bibi kutoka kwenye picha ya zamani

Ukitaka fundi akushonee gauni kama lile la bibi yako pichani, usimkabidhi picha yenyewe. Mpe nakala iliyokuzwa, ukiwa umezungushia kola, mahali marinda yanapoanzia na urefu wa pindo. Rangi ndiyo hudanganya zaidi: filamu nyingi za zamani za nyeusi na nyeupe hazikunasa nyekundu, kwa hiyo gauni jekundu lilitoka jeusi na la bluu likapauka. Waulize shangazi zako kwanza, maana wao waliliona. Kwa waliopo Moshi, pitieni soko la mitumba la Memorial mtafute shuka la pamba lililolainika la kushonea gauni hilo. Linaanguka vizuri kuliko poliesta mpya. Fundi ashone kwanza la majaribio kwa marekani (kitambaa cha pamba kisichopaushwa), ulivae, ndipo akate kitambaa chenyewe.