Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: piga hesabu mwenyewe

Mama yangu yuko Kashai, Bukoba. Nikimwambia napanda ndege, swali ni lile lile: "Utatua saa ngapi, nimtume kijana akupokee?" Mimi nafundisha hisabati hapa Mwanza, basi namjibu kwa penseli.

Fungua ramani kwenye simu, bonyeza uwanja wa Mwanza na ushikilie mpaka namba mbili zitokee: 2.44 kusini, 32.93 mashariki. Hamia Bukoba: 1.33 kusini, 31.82 mashariki. Sasa toa. Latitudo zinapishana kwa digrii 1.11. Longitudo nazo, 1.11! Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kunakili, nikarudia. Ni kweli: Bukoba iko kaskazini-magharibi ya Mwanza, mshazari kabisa, ziwa likiwa katikati.

Digrii 1 ni kama kilomita 111, kwa hiyo kila upande mfupi wa pembetatu ni kilomita 123. Hapo Pythagoras wa sekondari anarudi kazini: vipeo vya pili, jumlisha, kipeuo. Unapata kilomita 174 hivi. (Njia hii inakubali kwa sababu tuko jirani na ikweta. Ukiipeleka London itakudanganya, maana huko digrii ya longitudo imebaki kilomita 69 tu.) Kwa barabara, kupitia Geita na Biharamulo, ni zaidi ya kilomita 400, hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025.

Muda sasa. Ndege za pangaboi zinazotua Bukoba hukimbia kilomita 500 kwa saa au zaidi. Gawanya 174 kwa 500, zidisha kwa 60: dakika 21. Usimpe mama jibu hilo. Kuna kutambaa uwanjani, kupanda juu, kushuka, kuzunguka kutafuta upande wa kutua kulingana na upepo. Ongeza dakika 15 hadi 20. Mimi husema dakika 40, na asubuhi yenye mawingu mazito juu ya ziwa sisemi kitu.

Halafu hesabia nchi kavu. Kutoka kwangu Nyegezi mpaka uwanjani, foleni ikiwa imekaa vibaya, ni saa nzima. Na uwanjani nataka kuwepo saa mbili kabla. Safari ya dakika 40 inaanza saa tatu kabla ya ndege kuruka.

Lingine ni tiketi. Saa za tiketi ni za kizungu: 09:20 ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Baba mdogo aliisoma kama saa tisa na dakika ishirini, akafika uwanjani saa nane mchana na boksi lake la mikate, akijiona amewahi. Bahati ilikuwa siku ya meli. Jioni akapanda, akashuka Bukoba alfajiri.