Jinsi ya kurekodi tukio la figo ya mkopo

Katika filamu ya kuchekesha na kutisha, mkusanya madeni anapokuja kuchukua figo bandia ya mgonjwa aliyeshindwa kulipa, kicheko hutoka kwenye adabu yake. Aombe sahihi kwanza, akate risiti, ndipo avae glavu. Mwigizaji asijaribu kuchekesha hata kidogo. Akikonyeza tu, hofu yote imekwisha.

Damu ya kuigiza: kikombe 1 cha sharubati nzito ya sukari, vijiko 2 vya chai vya rangi nyekundu ya chakula, tone 1 la bluu na nusu kijiko cha chai cha kakao. Ukiacha bluu na kakao, taa nyeupe zitaifanya ionekane ya waridi. Inatia madoa, kwa hiyo andaa mashati 3 yanayofanana.

Kamera ibaki kwenye risiti inayolowa taratibu. Kisu kisikike tu.