Laptopu ya zamani haishiki Wi-Fi: pa kuanzia kabla ya kununua chochote

Laptopu za mitumba za miaka ya 2008 hadi 2013, zile ThinkPad T420 na X220, Dell Latitude E6410 na HP EliteBook 8460p zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue, bado zinaweza kazi nyingi za ofisi na shule. Zikigoma kushika Wi-Fi, wengi hukimbilia kununua adapta ya USB. Hela hiyo mara nyingi huenda bure, kwa sababu kadi ya Wi-Fi ya ndani ni nzima na kilichokosekana ni draiva (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), au swichi imezimwa, au simu inarusha hotspoti kwenye masafa ambayo kadi haiyasikii.

Tambua ugonjwa kwanza. Bofya alama ya mtandao chini kulia. Kama hakuna orodha ya mitandao kabisa, shida iko ndani ya mashine. Anza hatua ya 1. Kama mitandao ya majirani inaonekana ila wa kwako haumo, au umo lakini unakataa nywila iliyo sahihi, ruka hadi hatua ya 5. Kama imeunganika ila kurasa hazifunguki, nenda hatua ya 7.

Hatua ya 1: Swichi

Laptopu za kizazi hiki zina swichi ya kuzima redio (sehemu ya kadi inayorusha na kupokea Wi-Fi), na husogezwa bila mtu kujua zikiwa ndani ya begi. Kwenye ThinkPad T420 na X220 iko ubavuni. Kwenye T61 na T400 iko ukingo wa mbele. Latitude nyingi nazo zinayo ubavuni. HP huweka kitufe juu ya kibodi: taa ya rangi ya machungwa maana yake redio imezimwa, buluu au nyeupe imewashwa. ThinkPad zina njia ya pili pia, Fn na F5 kwa pamoja.

Swichi ikiwa sawa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka (F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, ukibonyeza mara tu mashine inapowaka) uhakikishe kifaa cha Wi-Fi hakijafungwa huko. Kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `ncpa.cpl`, uone kama kadi ina rangi ya kijivu. Ikiwa hivyo, bofya kulia uiwashe. Huduma ya Wi-Fi yenyewe huanzishwa kwa kufungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika `net start wlansvc`.

Kwenye Linux amri moja inatosha:

`rfkill list`

Ukiona "Hard blocked: yes", swichi ya mkono ndiyo iliyofunga na hakuna amri itakayoifungua. "Soft blocked: yes" huondolewa kwa `sudo rfkill unblock wifi`.

Taa ya HP ikibaki na rangi ya machungwa hata ukibonyeza, zima mashine, toa chaja na betri, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha rudisha. Na swichi ikiwa imevunjika kabisa, mafundi huziba pini ya 20 ya kadi ya mini PCIe (umbo la kadi za Wi-Fi za laptopu hizi) kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, kwa kuwa pini hiyo ndiyo inayobeba ishara ya kuzima redio. Ni kazi ya mkono mtulivu: pini zimepangana kwa umbali wa milimita 0.8 tu, na ukiziba ya jirani unajiletea ugonjwa mwingine.

Hatua ya 2: Soma namba ya kadi

Jina la laptopu halitoshi. Kiwanda kimoja kiliweka kadi tatu au nne tofauti kwenye modeli ileile, na ndiyo maana draiva iliyofanya kazi kwa rafiki yako inaweza kugoma kwako.

Kwenye Windows bonyeza tena kitufe cha Windows na R, andika `devmgmt.msc`, tafuta "Network Controller" yenye alama ya njano, bofya kulia, fungua Properties, kisha Details, kisha Hardware Ids. Herufi nne baada ya VEN zinataja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10EC ni Realtek, 1814 ni Ralink. Herufi nne baada ya DEV zinataja kadi yenyewe. Kwa mfano, `VEN_8086&DEV_4222` ni Intel 3945ABG, na `VEN_14E4&DEV_4315` ni Broadcom BCM4312. Kwenye Linux namba hizohizo zinatoka kwa `lspci -nn`, na za vifaa vya USB kwa `lsusb`.

Tazama pia namba ya kosa kwenye Properties hizohizo. Code 28 ni draiva haipo. Code 22 ni kadi imezimwa na mtu. Code 10 ni draiva ipo ila kadi imeshindwa kuanza; hapo ama draiva si yake, ama kadi inakufa. Kama kadi haionekani hata kidogo, imechomoka au imekufa: fanya hatua ya 3 kupata intaneti ya muda, kisha ruka hadi ya 6.

Hatua ya 3: Intaneti ya muda kupitia waya wa simu

Hapa ndipo wengi hukwama: draiva iko mtandaoni, na mtandao hauji bila draiva. Simu ya Android inakata mzunguko huo. Iunganishe kwa waya wa USB, fungua mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Windows 7 na kuendelea huiona simu kama kadi ya mtandao baada ya dakika moja au mbili. Linux huiona papo hapo. Kipengele hicho kikibaki kijivu, waya wako ni wa kuchaji tu, hauna nyaya za data. Badilisha waya kabla ya kulaumu simu. iPhone inahitaji draiva za Apple, ambazo huja na iTunes, kwa hiyo kwa kazi hii azima Android.

Jambo ambalo watu hawalijui: simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya ruta, nyingi za Android hupitisha Wi-Fi hiyohiyo kwenye waya bila kugusa bando lako. Simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka inaweza kubaki imechomekwa hapo miaka, ikafanya kazi ya adapta. Kama unatumia bando, kwenye Windows 10 washa kwanza "Set as metered connection", la sivyo masasisho yatalinyonya kabla hujafungua ukurasa wa draiva.

Kabla ya kufungua kivinjari, tazama tarehe. Laptopu iliyokaa muda mrefu huwa imemaliza betri ndogo ya BIOS, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, na saa hurudi miaka nyuma. Kivinjari kikilinganisha tarehe hiyo na vyeti vya tovuti, hukataa karibu kila kitu na kuandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Weka tarehe sahihi. Ikirudi nyuma tena kesho, badilisha betri.

Kivinjari nacho kina umri. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, na Firefox ikaishia 115 ESR. Internet Explorer iliyokuja na mashine itakwama kwenye tovuti nyingi za leo. Ukishindwa, pakua draiva kwa simu yenyewe kisha inakili kwa waya uleule au kwa flashi.

Hatua ya 4: Draiva

Chukua draiva kwenye tovuti ya Lenovo, Dell au HP kwa kutumia namba ya modeli, au namba ya mashine yenyewe, iliyo kwenye kibandiko cha chini (Dell huiita namba ya mashine Service Tag). Hakikisha biti: mfumo wa biti 32 haukubali draiva ya 64. Zikwepe zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi hubeba matangazo, na zikibahatisha draiva isiyo yake ndipo Code 10 inapozaliwa.

Faili ikikataa kujisakinisha kwa madai kwamba mashine haifai, ifungue kwa 7-Zip (programu ya kufungua faili zilizobanwa), rudi kwenye `devmgmt.msc`, bofya kulia kwenye kadi, chagua kusasisha draiva, kisha kutafuta kwenye kompyuta, uelekeze kwenye folda yenye faili la `.inf`. Njia hii hufaulu mara nyingi kisakinishi kinapogoma.

Windows 7 ikionyesha Code 52, imeshindwa kuthibitisha sahihi ya draiva. Draiva za karibuni husainiwa kwa SHA-2, njia mpya ya kusaini ambayo Windows 7 ya asili haiielewi vizuri. Sasisho KB4474419 la 2019 ndilo dawa.

Kwenye Linux, kadi za Intel na Atheros za kizazi hiki kwa kawaida hushika zenyewe. Debian, tangu toleo la 12 la 2023, huweka faili za fimwea (programu ndogo inayoendesha kadi yenyewe) ndani ya kisakinishi, jambo lililoondoa kero ya miaka mingi. Msumbufu ni Broadcom. Kwa BCM4311 na BCM4312 kwenye Ubuntu na Mint, ukiwa na intaneti ya simu:

`sudo apt install firmware-b43-installer`

Kisha washa mashine upya. Ikibaki kimya, `sudo dmesg | grep -i firmware` itakutajia faili linalokosekana.

Hatua ya 5: Mtandao wako hauonekani, au unakataa nywila

Kadi nyingi za zamani zinasikia GHz 2.4 peke yake, hasa zenye "bgn" mwishoni mwa jina; zenye "abg" au "agn" zinasikia na 5. Simu mpya hupenda kurusha hotspoti kwenye GHz 5, na laptopu haitaiona hata ukiziweka bega kwa bega. Kwenye Android badilisha bendi ya hotspoti iwe 2.4. Kwenye iPhone 12 na kuendelea, washa "Maximize Compatibility".

Kwenye ruta, ingia ukurasa wake wa mipangilio (anwani iko kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1) na uweke hivi kwa upande wa 2.4: usalama WPA2-PSK na AES, upana MHz 20, chaneli 1, 6 au 11. Kila moja ina sababu. WPA3, au WPA2 iliyolazimishwa ulinzi wa fremu (PMF), hukataa kadi za kale kimyakimya, nawe utadhani umekosea nywila. TKIP, chaguo la zamani badala ya AES, hushusha kasi hadi Mbps 54 hata kadi ikiwa ya n. Chaneli 12 na 13 hazionekani kwa kadi zilizopangiwa soko la Marekani, na mitumba mingi imetoka huko. Ruta ya Wi-Fi 6 nayo inaweza kutoonekana kabisa kwa draiva za zamani za Intel. Sasisha draiva au zima "ax" (ndiyo Wi-Fi 6) kwenye 2.4.

Windows XP inahitaji Service Pack 3 ndipo WPA2 iwe ndani yake. Kama kadi haijui chochote zaidi ya WEP, usishushe usalama wa nyumba nzima kwa ajili yake. Badilisha kadi.

Hatua ya 6: Kadi ya ndani au adapta ya USB

Fungua kifuniko cha chini baada ya kutoa betri. Kadi imeshikwa na skrubu moja au mbili na nyaya mbili nyembamba za antena. Piga picha kabla ya kugusa. Wakati mwingine kuichomoa na kuirudisha kunatosha. Nyaya za antena huvutwa juu wima kwa ukucha, si kwa pembeni. Kichwa kikikatika, kukirudisha ni shughuli.

Ukinunua kadi nyingine, pima: mini PCIe kamili ina urefu wa karibu milimita 51, nusu ina karibu 27. Halafu kuna mtego wa BIOS. ThinkPad za kipindi hiki zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka nyingine mashine inasimama na kosa 1802. HP husimama na kosa 104. Kwa hizo tafuta kadi yenye namba ya kipuri ya kampuni hiyohiyo, iliyotolewa kwenye modeli yako. Dell kwa kawaida haina ubaguzi huo.

Adapta ya USB inakwepa yote haya, ila nunua chipu, si kasha. Muulize muuzaji chipu gani iko ndani. Ralink RT5370 (148f:5370) na Atheros AR9271 (0cf3:9271) hushika kwenye Linux bila kusumbua. MediaTek MT7601U (148f:7601) imo tangu kernel (kiini cha Linux) 4.2. Adapta zenye maandishi ya kasi kubwa mno haziongezi kitu kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kikomo chake ni Mbps 480 kwenye karatasi na chini ya hapo kwa vitendo. Ukichomeka ikaonekana kama CD, haijaharibika: ndani yake kuna draiva za Windows. Sakinisha, itajigeuza. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na kifurushi cha `usb-modeswitch`.

Hatua ya 7: Imeunganika, lakini

Kwenye dirisha la amri la Windows andika `ipconfig`. Anwani ikianza na 169.254, ruta haijakupa anwani: sahau mtandao, unganisha upya, na uangalie kama kuna mtu aliyeweka anwani ya kudumu kwenye kadi. Ikiwa anwani ni nzuri, jaribu `ping 8.8.8.8`. Majibu yakija ilhali kurasa hazifunguki, shida ni DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya kadi. Kwenye hoteli au mgahawa, ukurasa wa kuingia huenda haujajitokeza: fungua tovuti yoyote inayoanza na http bila s.

Ikishika kisha ikakatika kila baada ya dakika kadhaa, mkosaji mkubwa ni uokoaji wa umeme. Kwenye Windows fungua Properties za kadi, kisha Power Management, ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima. Kwenye Linux:

`sudo iw dev wlan0 set power_save off`

Badala ya wlan0 weka jina linaloonyeshwa na `iw dev`. Amri hii hupotea ukiwasha upya mashine, kwa hiyo ijaribu siku nzima kwanza. Ikitibu, ifanye ya kudumu kwenye NetworkManager kwa kuweka `wifi.powersave = 2` chini ya `[connection]`, ndani ya faili lililo kwenye `/etc/NetworkManager/conf.d/`.