Namna ya Kuwafundisha Wanajeshi Kumsaidia Mwenzao Aliyeelemewa na Msongo wa Mawazo

Mwanajeshi anapoanza kuelemewa, wa kwanza kuliona hilo huwa ni yule anayelala kitanda cha jirani, kabla hata daktari wa kikosi hajapata habari, na ndiyo maana mafunzo yaanze na askari wa kawaida pamoja na masajenti wao, katika makundi madogo ambamo kila mmoja atapata zamu ya kusema. Kamanda afike mwenyewe siku ya kwanza, atamke wazi kwamba kuomba msaada si utovu wa nidhamu, kisha aondoke, kwani askari hawafunguki mbele ya vyeo.

Msingi wa kufundishia upo tayari katika mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, nao una hatua tatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Katika kutazama, wafundishe kutambua mabadiliko: mcheshi aliyenyamaza ghafla, anayeruka mlango unapobamizwa, anayegawa vitu vyake.

Kusikiliza ndiko kunakotaka muda mwingi zaidi, maana jeshini watu wamezoea amri. Waketi wawili wawili, mmoja aigize askari asiyepata usingizi tangu arejee kutoka operesheni, na mwenzake amuulize bila kuzunguka: "Ndugu yangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi hukwama hapo, wakatazama chini; warudie hadi swali litoke kwa utulivu. Waeleze kwamba kumuuliza mtu hivyo hakumtii wazo hilo kichwani, bali mara nyingi humpa nafuu.

Kuunganisha ni kumfikisha mwenzao kwa anayeweza kumsaidia: akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, silaha yake ipelekwe ghalani, naye asindikizwe hadi mlangoni kwa daktari au mshauri nasaha. Asiahidiwe siri katika jambo la uhai, na aambiwe hivyo kwa upole.

Nasihi sana kwamba walionusurika katika tukio baya wasilazimishwe kusimulia yote katika kikao kimoja: tafiti zimeonyesha kuwa kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na huenda kikawadhuru baadhi yao. Wapewe usingizi, chakula na wenzao wa karibu. Jinamizi na mishtuko ikidumu zaidi ya mwezi mmoja, wapelekwe kwa mtaalamu.

Mazoezi haya yarudiwe kabla ya safari ya operesheni, na tena miezi michache baada ya kurejea, kwa kuwa dalili za wengine huchelewa kujitokeza.