Kuchagua mashine ya kufyonza vumbi Arusha

Usidanganywe na wati. Hizo ni umeme unaoliwa. Nguvu ya kufyonza husomwa kwa kilopaskali (kPa, kipimo cha shinikizo la hewa), na kwa zulia la nyumbani 18 hadi 20 zinatosha.

Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi ni laini mno, kwa hiyo chujio ndilo la kukazania: tafuta HEPA H13, daraja la chujio linalonasa hata chembe ndogo sana. Likiziba, hewa haipiti, mota inachemka, mwishowe inaungua. Likung'ute kila wiki. Kama ni la kuoshwa, likauke saa 24 kabla ya kurudishwa.

Kwa hoteli au ofisi, chukua ya maji na vumbi, tangi la lita 30, mota ipozwe na hewa tofauti na ile inayofyonzwa. Kabla ya kufyonza maji, toa chujio la karatasi. Ulizia pia dukani kama vipuri vyake vipo kabla hujalipa: brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota na huisha kwa kusuguana) na mpira wa kufyonzea.