Sarafu ngeni imekuangukia mkononi? Usiisugue kwanza

Hapa Arua, Uganda, sarafu za ajabu haziishi. Mara mtu karudi kutoka Ariwara upande wa Kongo na kitu mfukoni, mara mzee kafariki watoto wanafungua sanduku wanakuta mkebe wa maziwa umejaa vipande, na kila mtu anakwambia hii ni silva safi ya 1780, nipe milioni mbili niondoke.

Kabla ya yote, usisugue. Mimi nilisugua. Shilingi ya bibi yangu niliipiga majivu na waya wa sufuria mpaka ikang'aa, nikajisifu, kumbe wakusanyaji wanataka ule weusi wake wa zamani, na mikwaruzo haitoki tena. Ikiwa na udongo ilowekwe kwenye maji ya kawaida, uipanguse na kitambaa laini, basi.

Sasa soma. Nchi nyingi haziandiki jina lao kwa Kiingereza: Helvetia ni Uswisi, Suomi ni Finland, Magyar ni Hungaria, Suid-Afrika unaijua. Ukikuta Deutsch Ostafrika hiyo ni ya Mjerumani wa Tanganyika. Za Kiarabu ndo watu wanachanganyikiwa, maana kile kiduara ٥ ni tano si sifuri, sifuri yao ni nukta tu, na ٦ inayofanana na saba ni sita. Mwaka wa hijria uzidishe kwa 0.97 halafu ongeza 622, kwa hiyo 1400 inakupa kama 1980. Maandishi usiyoyajua kabisa piga picha pande zote mbili, weka Google Lens, halafu hakikisha kwenye Numista, tovuti yenye orodha ya sarafu, kwa upana na uzito, usiamini picha peke yake.

Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinata, basi ni chuma au nikeli. Dhahabu, silva, shaba na aluminiamu hazinati. Peni moja ya Uingereza ni mfano mzuri: zote nyekundu, lakini tangu 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, inarukia sumaku, ya zamani inakaa kimya. Ila kutonata hakumaanishi silva, jamani! Sarafu nyeupe nyingi za kisasa ni shaba na nikeli zilizochanganywa na zenyewe hazinati. Angalia na ukingo: robo dola ya Marekani ikiwa na mstari mwekundu pembeni ni ya kawaida ya gramu 5.67, ile ya silva ya 1964 kurudi nyuma ina gramu 6.25 na ukingo wake ni mweupe wote.

Kinachomaliza ubishi ni maji. Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 0.01. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, ibonyeze irudi sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala pembeni, na uondoe mapovu, yanadanganya. Namba inayotokea gawanya nayo ule uzito wa kwanza. Silva tupu inatoa karibu 10.5, shaba karibu 9, shaba na nikeli 8.9 hivi, chuma 7.9, aluminiamu 2.7, dhahabu tupu 19.3. Uzuri wake ni kwamba sarafu iliyolika mfukoni miaka hamsini inapungua uzito lakini hii namba haibadiliki.

Turudi kwa ile ya 1780, yenye mama mnene, kwa sababu huku karibu na Sudan Kusini inatokea sana. Ni Maria Theresa ya Austria, na mwaka wa 1780 uliandikwa ukabaki hivyohivyo, wakaendelea kuitengeneza mpaka karne ya 20 na baada yake, kwa hiyo usilipie uzee. Iliyo halali ina gramu 28.07, upana wa milimita 40 hivi, silva 83.3 kwa mia, na pembeni imeandikwa IUSTITIA ET CLEMENTIA. Majini itasoma kama 2.75, ukigawanya unapata 10.2. Ukipata 8 na kitu mrudishie mwenyewe kwa heshima. Ukipata inayokaribia 11 shuku risasi (madini, lead kwa Kiingereza), maana risasi ni 11.3: idondoshe kwenye meza, silva inalia kwa muda, risasi inasema puu.

Na shilingi ya East Africa, yenye simba na milima nyuma? Za 1921 mpaka 1946 ni robo silva, nyingine hasa shaba, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Kwenye maji tofauti ya sarafu moja ni ndogo mno (9.3 kwa 8.9), funga tano za aina moja pamoja ndo upime. Ile ya bibi niliyoisugua ni ya 1925, gramu 7.78 kwa vitabu, yangu imelika kidogo. Silva ndani haifiki gramu mbili, kwa hiyo sonara aliyeniambia kwa bei ya silva ni pesa kidogo hakunidanganya, thamani ilikuwa kwa mkusanyaji, na mkusanyaji alipoona mikwaruzo akairudisha mkononi mwangu.